Taarifa Hazitoshi

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili msomaji asije akanidhania mengine, maana katika haya nitakayoyasimulia kuna siku moja watu walinisifu ushujaa, na sifa ile bado inanisumbua. Mama yangu alikuwa akinifariji kwa methali, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami nikakua nikiamini woga ni aina fulani ya akili. Siku hizi sina hakika.

Kwa miaka sita nilikuwa kaimu mtendaji wa kijiji chetu, kule upande wa Natta. Mtendaji mwenyewe alihamishwa, mwingine hakuletwa, na kwa kuwa nilikuwa na cheti cha serikali za mitaa na mwandiko unaosomeka, nikaambiwa nikalie kiti kwa muda. Muda ukawa miaka sita. Niliandika barua za utambulisho, nikaamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, nikatuma taarifa za tembo waliolala kwenye mtama wa watu, nikawapangia viti wageni kutoka Mugumu, makao ya wilaya. Watu waliniita mama mtendaji. Neno kaimu walishalisahau, ila mimi sikulisahau hata siku moja. Kila gari la halmashauri lilipokata kona pale kwenye mashine ya kusaga, nilichungulia dirishani, nikidhani limemleta mwenye kiti.

Ili kiti kiwe changu ilibidi nifaulu usaili wa kuandika, na nilikuwa nimekwisha kuanguka mara mbili. Sheria na kanuni sikuziogopa, hizo nilizikariri hata jikoni. Kilichoniangusha ni kurasa za mwisho, zile za kupima namna mtu anavyofikiri. Unapewa maelezo mafupi, chini yake kauli, na mbele ya kauli visanduku vitatu: Kweli, Si kweli, Taarifa hazitoshi. Wakati mwingine unapewa hoja na kuulizwa imejengwa juu ya dhana gani, au kitu gani kingeidhoofisha. Mara zote mbili nilifika kwenye kurasa hizo nikiwa na nusu saa nzima, nikasoma nikitikisa kichwa kwa kuridhika, nikatoka nikijua nimefaulu. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Mtu anayejua kwamba hajui atajifunza, lakini mimi nilianguka nikiwa na uhakika.

Tangazo la tatu lilipotoka, niliusoma mstari wa umri kabla ya mingine. Mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Mimi nilibakiza miezi miwili. Tangazo lingine likija litanikuta nimepita, na mwenye kiti atakuja kweli, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye kompyuta mpakato, aniombe muhuri na funguo, nami nimwelekeze choo kilipo.

Katika uwanja wetu alipanga nesi wa zahanati, binti wa Lindi aliyeletwa huku na serikali. Alikuwa amefaulu usaili wa aina hiyo hiyo kwa mara ya kwanza, jambo ambalo nililiona kama kosa la adabu. Mume wangu ndiye aliyesema nimwombe anifundishe. Nikamwomba kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi, akakubali bila kunyanyua kichwa kwenye nguo alizokuwa akifua.

Tulikuwa tukikaa barazani pa zahanati saa kumi, wagonjwa wakishakwisha, chini ya ule mzani wa kupimia watoto. Siku ya kwanza aliniandikia maelezo nyuma ya karatasi ya kliniki: mawingu mazito yametanda juu ya kijiji, wakulima wamekimbilia majumbani. Kauli: mvua itanyesha. Nikaweka alama kwenye Kweli kabla hajaweka kalamu chini.

"Nani kasema?" akaniuliza.

"Dalili ya mvua ni mawingu."

"Hiyo imeandikwa wapi hapa, mama? Karatasi ina mawingu, na ina watu wanaokimbia. Mvua umekuja nayo wewe."

Akaniandikia nyingine, ya moshi uliofuka nyuma ya kilima. Nikasema kuna moto, maana penye moshi pana moto. Akaandika ya tatu, ya uvumi kuhusu mwalimu mmoja. Nikaanza kusema lisemwalo lipo, nikajikuta nimenyamaza katikati. Nesi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama mtendaji, wewe unafanya mtihani kwa methali."

Nilinuna siku nzima. Lakini aliniambia ukweli, na ukweli wenyewe ulinitisha: kumbe kichwa changu chote kilikuwa kimeezekwa kwa misemo ya kumaliza maneno. Watu wakigombana ofisini, nikitamka methali moja wote huitikia mhh, kesi inakwisha. Kwenye karatasi hakuna wa kuitikia.

Mafunzo yake hayakuwa mengi, ila aliyarudia kama dozi. Soma swali kwanza, ndipo urudi kwenye maelezo, ili ujue unatafuta nini. Tafuta lilipo neno kwa hiyo, maana la mbele yake ndilo wanalotaka ulikubali, na ya nyuma yake ndiyo mizigo inayolibeba. Maneno madogo uyaogope kuliko makubwa: baadhi si wengi, huenda si lazima, na jibu lenye wote au kamwe lina deni la kuthibitisha kuliko lenzake lisilokuwa nayo. Ukiulizwa dhana iliyofichwa, chukua kila jibu ulipindue, useme kinyume chake. Lile ambalo likipinduliwa hoja inaanguka, ndilo nguzo. Na juu ya yote, usilete ya kwenu. "Ya kwenu yavue mlangoni pamoja na viatu," alisema. "Ukitoka utayakuta."

Nikawa mtu wa kupindua. Mume wangu aliniambia ugali utapoa, kwa hiyo niwahi kurudi. Nikamjibu kwamba amejengea juu ya dhana kuwa nautaka ukiwa wa moto. Akasema mtihani huu usiponipa kazi utanipa wazimu.

Somo lililonishinda lilikuwa la nyayo. Lazima nieleze, kwa sababu msomaji wa mbali anaweza asilione jambo. Kwetu ng'ombe wakiibwa, yowe hupigwa, na wanaume hufuata nyayo. Zikiingia kijiji fulani na zisionekane zikitoka, kijiji hicho ndicho kinachojibu. Kioneshe njia waliyotokea, au kitoe mwizi, au kilipe. Haijaandikwa popote ofisini kwangu, lakini hakuna mtoto asiyeijua. Nesi alikuwa ameisikia kwa wagonjwa, akaitungia swali: nyayo za ng'ombe walioibwa zilifuatwa hadi kijiji B, hazikuonekana tena. Kauli: ng'ombe wapo kijiji B. Nikaweka Kweli.

"Taarifa hazitoshi," akasema.

"Nesi, hapo utaniua bure. Nyayo hazidanganyi."

"Sijasema zinadanganya. Nimesema zimesimama. Wewe unaendelea kutembea wakati zenyewe zimesimama."

Nilibishana naye kwa mara ya kwanza kwa dhati, nikapandisha sauti mpaka mgonjwa mmoja akachungulia dirishani. Akaniambia nipindue. Nikapindua: ng'ombe walipakiwa kwenye lori. Walipitishwa kwenye maji. Walipitishwa juu ya mawe. Kila nilipopindua, hoja ya nyayo ilianguka, na kila ilipoanguka nilihisi baridi, maana nilikuwa nikiwakumbuka watu waliokwisha kulipa kwa hoja hiyo. Siku ile nilitoka pale nikiwa nimeelewa, na sikuipenda hali ya kuelewa.

Zilibaki siku nne kwenda Musoma kufanya usaili, pale yowe liliposikika kutoka ng'ambo ya mto. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nimetoka kufagia ofisi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mugumu kwenye kikao. Kufika saa tatu walikuwa wameshaingia, wanaume wengi kuliko niliopata kuwaona kwenye uwanja wa kijiji siku isiyo ya mkutano, wana mapanga, marungu na pinde, na wa kwetu nao wanatoka majumbani wakiwa na vyao. Maksai sita wa mzee mmoja wa kijiji chao walikuwa wameibwa. Nyayo zilivuka mto, zikapita kwenye mihogo, zikaja mpaka kwenye ule mwamba mpana ulio nyuma ya zizi la jirani yangu. Jirani huyo ni mtu mpole, ndiye aliyepigilia bati la ofisi yangu lilipoezuliwa na upepo.

Nitasema nilichofanya. Niliingia ofisini, nikafunga mlango kwa ndani, nikakaa sakafuni nyuma ya meza nimeshika muhuri kwa mikono miwili. Nilikuwa nimewapigia polisi simu, wakasema wanakuja, na kutoka Mugumu mpaka kwetu si karibu. Nilijua yanayofuata yakishindikana maneno, kwamba huanza na kuchomwa paa moja la nyasi. Nilikuwa nimeamua kukaa pale mpaka polisi wafike, na ningekaa, kama nesi asingegonga.

"Mama mtendaji, wanakuita wewe."

Nikamwambia aseme sipo. Akasema wamekwishaniona nikiingia. Nikafungua, nikamfuata mpaka kwenye zizi la jirani.

Kiongozi wao alikuwa mwanamume wa makamo aliyening'iniza filimbi shingoni. Mzee mwenye maksai alisimama pembeni yake, mwembamba, amevaa buti za mvua. Jirani yangu alikuwa amesimama mbele ya zizi lake, mkewe nyuma yake.

"Nyayo zimeingia hapa," alisema yule wa filimbi. "Kutoka hazikutoka. Kwa hiyo ng'ombe wako hapa. Mtutolee, au mtupe wengine, au tuchukue wenyewe."

Nikasikia lile kwa hiyo. Sisemi kwamba nilipata ujasiri, la. Akili yangu ilikuwa ikikimbia, na mahali pekee palipokuwa wazi ni pale barazani kwa nesi, ikakimbilia huko. Nikaanza kusema kwa sauti ambayo haikuwa yangu, nyembamba na ya haraka.

"Mwisho wa nyayo mmeuonea wapi?"

"Kwenye mwamba."

"Kwenye mwamba nyayo hukaa?"

Akageuza shingo kuelekea mwambani.

"Basi zimeishia kwenye mawe. Hazijaishia kwa mtu. Mwenye uhakika kwamba ng'ombe wako kwenye zizi hili anioneshe ng'ombe. Asiyewaona asiseme wako, na mimi sisemi hawako. Taarifa hazitoshi."

Mtu mmoja upande wao alicheka. Kicheko kile kilisaidia kuliko maneno yangu yote, maana mapanga mawili matatu yalishuka. Kisha kundi la vijana wao likataka kuzunguka mwamba, kushuka korongoni upande wa pili. Nikakataa. Nilichokiona ni vijana wao na wa kwetu wakikutana kule chini bila mtu mzima. Nikasema hakuna atakayetembea kijijini kwangu na panga mpaka polisi wafike, wote wakae, nami niandike majina. Nikaleta daftari. Ajabu ni kwamba walikaa, chini ya jua, na nikaandika majina yao yote polepole, kwa mwandiko wangu mzuri, nikiogopa kufika mwisho wa orodha.

Polisi walifika saa sita na nusu. Wakaingia zizini, hamna kitu. Wakazunguka mwamba, wakashuka korongoni, wakakuta mbuzi na kinyesi cha mbuzi. Watu wa ng'ambo wakarudi kwao kwa miguu. Yule mzee wa buti alikuwa wa mwisho kuondoka; aliinama akautazama mwamba kama mtu aliyedondosha kitu, kisha akawafuata wenzake. Wanawake wa kwetu wakanipigia vigelegele. Nikaenda nyuma ya zahanati nikatapika, na nesi akaniletea maji ya kusukutua.

Siku ya usaili ikafika, nikaenda Musoma. Chumba cha mtihani kilikuwa na watu wengi, karibu wote wangeweza kuwa wanangu. Kushoto kwangu alikaa msichana aliyegeuza kurasa kwa kasi, na kila alipogeuza nilihisi ananinyang'anya kitu. Jasho la kiganja lilichafua namba yangu ya usaili nikalazimika kuiandika upya. Nilipofika kwenye kurasa za mwisho sikuridhika na kitu. Nikasoma swali kwanza.

Kijiji kimoja kilichimba kisima kirefu. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kuhara walipungua. Kwa hiyo kisima ndicho kilichowapunguza. Lipi kati ya haya, kama ni kweli, lingeidhoofisha hoja hii? Kulikuwa na jibu la ladha ya maji, jibu la gharama, jibu la kijiji jirani kisicho na kisima. Mimi wa zamani ningebishana na karatasi, maana namjua mpaka mwenyekiti wa kamati ya kisima chetu na jinsi pampu inavyokaa miezi imekufa. Nikayavua hayo pamoja na viatu. Jibu moja lilisema mwaka huo huo kila kaya ilijenga choo. Nikaweka alama hapo, nikasonga.

Baadhi ya watumishi wa ofisi fulani wanaishi mjini. Wote wanaoishi mjini huchelewa kazini. Kauli: watumishi wengi wa ofisi hiyo huchelewa. Nani asiyejua kwamba huchelewa? Lakini karatasi ilisema baadhi. Nikaweka Taarifa hazitoshi, na nilipoiweka sikusikia chochote ndani yangu, si ubishi, si ucheshi. Niliyajibu yote kumi na tano hivyo, kama mtu anayepita kwenye nyumba isiyo na watu. Ile hofu ya kuanguka ilikuwepo bado, lakini chini yake nilianza kuhisi hofu nyingine ambayo sikuwa na jina lake.

Wiki mbili baada ya hapo, matokeo yakiwa hayajatoka, mke wa jirani yangu alikuja ofisini kutaka barua ya utambulisho ya mwanawe anayekwenda kuomba kazi kwenye kambi ya watalii. Nikamwandikia, nikagonga muhuri. Hakuondoka. Akaangalia mlangoni, akainama.

"Sijakushukuru, mama mtendaji. Ungewaachia wale vijana wazunguke mwamba, wangewakuta wale maksai. Walikuwa korongoni pale pale. Ulipowakalisha ndipo wakapitishwa chini kwa chini. Mbuzi waliletwa baadaye kufuta nyayo." Akanishika mkono. "Baba watoto anasema ulijua tangu mwanzo. Mungu akulipe."

Nikamjibu karibu tena. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Aliondoka, nikabaki nimeshika muhuri kwa mkono ule aliokuwa ameushika, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa mbele ya mapanga. Mapanga angalau yalikuwa nje.

Mtu ataniuliza kwa nini sikupiga simu polisi siku ile ile. Nilijiuliza pia. Nikapindua kila namna. Nikisema, jirani atajua ni mimi, maana mkewe hakumwambia mwingine. Nyumba yangu ina paa la bati, lakini jiko na ghala ni nyasi. Mume wangu analima shamba linalopakana na lake. Na usaili je? Nani atampa kiti mtendaji aliyewakalisha chini wenye ng'ombe huku ng'ombe wakitoroshwa mita mia mbili nyuma ya mgongo wake? Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa nguzo. Ningeipindua, nyingine zote zingeanguka, na ningesema. Najua hivyo kwa sababu nimefundishwa vizuri.

Sikumwambia mume wangu. Sikumwambia nesi. Yeye ndiye aliyenisomea matokeo kwenye simu yake, akipandisha orodha kwa kidole, mimi nimefumba macho. Namba yangu ilikuwepo. Alirukaruka barazani, akanikumbatia, akawaambia wagonjwa kwamba huyu ndiye mwanafunzi wake. Mahojiano ya ana kwa ana yalikuja na kupita, niliulizwa kuhusu vikao na mapato, nikajibu. Kisha ikaja barua ya ajira. Kaimu imekufa, nimeajiriwa. Nikashuka kwenye mstari wa kituo cha kazi, nikausoma mara tatu.

Halmashauri haikunipa kijiji changu. Walinipeleka ng'ambo ya mto, kijiji cha wale waliofuata nyayo.

Nilifikiria kukataa. Lakini kukataa ajira katika umri wangu ni kuizika, na kiti changu cha zamani alikuwa ameshapewa kijana, kweli ana kompyuta mpakato. Nikavuka mto na sanduku moja, nikiwa nimejitayarisha kwa kuchukiwa. Hawakunichukia. Yule wa filimbi ndiye aliyenibebea godoro. Alisema walipofika nyumbani siku ile walizungumza, wakakubaliana kwamba mama yule aliwaepusha na damu, na waliposikia naletwa kwao walifurahi. Kila aliponisifu nilitaka aache.

Wiki ya pili, saa nne asubuhi, yule mzee alikuja ofisini. Buti ni zile zile. Nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Kaa tu."

Akakaa kwenye benchi, akaweka fimbo kando ya mlango. Akaniuliza habari za nyumbani, za mume, za watoto. Akaniambia mwaka huu analima kwa jembe la mkono, yeye na mkewe, kipande kidogo kilichobaki hakijashikwa na majani, kwa sababu plau ipo ila wa kuivuta hawapo. Hakulalamika. Alikuwa akinieleza tu, ili nijue anakotoka.

"Sikuja kugombana," akasema. "Wewe umekaa na watu wale miaka mingi, na siku ile ulikuwepo. Watu wananiambia niendelee kutafuta, wengine wananiambia niache. Nimechoka kwenda na kurudi mnadani kuangalia ng'ombe wa watu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Wanyama wangu walifika pale, au hawakufika?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Dirishani niliuona mto, na ng'ambo yake bati la nyumba yangu, na mtu mdogo shambani ambaye huenda alikuwa mume wangu. Nilimwangalia mzee usoni. Alikuwa ananisubiri bila haraka, mikono juu ya magoti, na nilijua kwamba nitakachosema atakiamini.

"Mzee," nikasema, "kwa kweli taarifa hazitoshi."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili. Akainuka taratibu, akachukua fimbo yake.

"Ahsante, mama. Wengine wananiambia tu ili niondoke. Afadhali wewe umesoma, husemi usilolijua."